Wote Walihema Mara Ishirini

Sogeeni, nafasi ipo. Mwenye jibu la haraka alifungie mdomoni kwanza, maana kila ninapoisimulia hadithi hii watu huanza wamekaa na kumaliza wamesimama, wananyoosheana vidole. Mimi mwenyewe huishia na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Katika hospitali moja ya wilaya, kule nyanda za juu ambako ukungu huingia mpaka wodini, walikuwako watu watatu ambao hakuna mkubwa aliyejua majina yao. Mmoja alijua kuhesabu, mmoja alijua kukumbuka, na mmoja alijua kusalimia.

Wa kuhesabu alikuwa Sista Subilaga, muuguzi wa kujitolea, mwaka wa nne anavaa sare nyeupe bila barua ya ajira. Kila muuguzi hufundishwa kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima. Lakini wodi ina wagonjwa arobaini na dakika ni ndefu, kwa hiyo wengi humtupia mgonjwa jicho, wakaandika ishirini, wakapita. Subilaga hakuandika ishirini. Alisimama kando ya kitanda na saa yake, akitazama kifua kikipanda na kushuka, na ukimsemesha hakujibu mpaka dakika iishe.

Wa kukumbuka alikuwa Mzee Ambakisye wa masijala, kile chumba cha nyuma kinamotunzwa mafaili. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mwaka uliotangulia, kirusi cha mafua makali kilipita na kuua watu arobaini na mmoja katika wodi ile, na mafaili yao yakaletwa kwake yafungwe kamba yasahaulike. Hakuyafunga. Aliyasoma moja baada ya jingine huku chakula chake cha mchana kikipoa, akaona jambo. Wengi hawakufa homa ilipokuwa kali. Walikufa siku ya saba au ya nane tangu waanze kuugua, homa imeshashuka, ndugu wameshaleta nguo za kurudia nyumbani, na karibu wote walikuwa wamepita miaka sitini. Akaona na jambo la pili, lililomfanya avue miwani. Watu arobaini na mmoja walikufa kwa kukosa pumzi, na thelathini na sita kati yao waliandikwa kwamba walikuwa wakihema mara ishirini kwa dakika, sawasawa na mtu aliyekaa kwake anakunywa chai.

Wa kusalimia alikuwa Tupokigwe, mdeki wodi, kibarua wa siku. Kwao salamu haziishi haraka. Unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, migomba inaendeleaje, na wewe unarudisha yote kwa mpangilio uleule, na ukiruka kitu watu wanakutazama. Tupokigwe alimsalimia hivyo kila mgonjwa huku akipitisha dekio chini ya kitanda. Alijua kwamba anayeimaliza salamu atarudi kwake. Anayesimama katikati kutafuta pumzi, au akifika kwa ng'ombe anarudi tena kwa watoto kana kwamba hajawauliza, huyo yuko pabaya hata kama anatabasamu.

Jambo hilo alifundishwa na mama yake mzazi, na hakulifundishwa kwa heri. Mama alilazwa kitanda cha saba, mwaka ule wa wafu arobaini na mmoja. Asubuhi moja, binti akiwa anadeki, mama alimuuliza habari za ng'ombe mara tatu. Tupokigwe aliacha ndoo akamfuata muuguzi wa zamu. Siku hizo wauguzi walijifunika kuanzia utosini hadi viatuni, barakoa na miwani juu yake, usingejua nani ni nani. Akamwambia, "Mama yangu hayuko sawa, anachanganya salamu." Muuguzi akatazama karatasi.

"Vipimo vyake vizuri, dada. Wewe deki."

Tupokigwe alideki. Mama yake alikufa mchana uleule, sakafu bado ina maji.

Haya. Mwaka huu kirusi kikarudi, na wodi ikajaa tena. Jumanne moja asubuhi ilibaki mashine moja tu ya oksijeni. Dakta Kyando, mganga mfawidhi, yaani mkubwa wa hospitali yote, alikuwa ameshaamua apelekewe dereva mmoja wa lori, kijana mwenye kifua cha kubeba magunia, aliyekuwa analalamika mpaka nje anasikika. Kitanda cha jirani alikaa Mwalimu Anyelwisye, mama mstaafu, anachana nywele, anasema kesho anaondoka, mahindi yake hayajapaliliwa. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

Subilaga alikuwa anamtazama. Alimaliza dakika yake, akaihesabu tena ya pili asije akakosea, kisha akamwambia daktari kwamba mwalimu anahema mara thelathini na nne. Dakta Kyando alijibu kwamba wazee ndivyo wanavyohema, na kwamba mtu anayechana nywele hawezi kuwa mahututi. Mashine ikaendelea kusukumwa kuelekea kwa dereva.

Ambakisye aliingia na faili kwapani. Akasema leo ni siku ya saba tangu mwalimu aanze kuugua, na umri wake ni miaka sabini na miwili, na kule masijala ana sanduku la watu wa namna hiyo. Daktari alimuuliza kama siku hizi kalenda inatibu. Lakini aliinua mkono, na mashine ikasimama katikati ya wodi.

Tupokigwe aliegemeza dekio ukutani. Hakumwambia daktari kitu, alishachoka kuwaambia watu. Alimwinamia mwalimu akamsalimia kwa sauti, salamu yote, polepole. Mwalimu akarudisha vizuri mpaka kwa watoto, akafika kwa ng'ombe, akanyamaza, akavuta pumzi mbili, akatabasamu, akauliza tena watoto wameamkaje. Kisha akauliza mara ya tatu. Dakta Kyando amekulia kulekule. Alisikia, na uso ukambadilika.

"Leteni mashine huku," alisema.

Kabla ya saa sita midomo ya mwalimu ilikuwa imebadilika rangi hata mpira wa mashine ukiwa puani. Bila mashine angekuwa mtu wa arobaini na mbili. Alikaa kitandani siku tisa, akatoka kwa miguu yake. Yule dereva alikuwa ameumia mbavu kwa kukohoa tu, alipewa dawa, siku ya nne akarudi kwake huku analalamikia uji. Tangu siku hiyo, mgonjwa mwenye dalili zote tatu, ya pumzi, ya siku na ya salamu, alifungiwa kitambaa chekundu kitandani, akawekwa karibu na mashine. Msimu ule walikufa watu watano.

Angalieni vizuri hapo kabla hatujaendelea. Pumzi peke yake haikumtosha daktari. Pumzi na siku havikumtosha. Salamu peke yake ilishawahi kusemwa ikajibiwa kwa kuambiwa udeki. Toa mmoja, na mwalimu tunamzika.

Barua ikaja kutoka mkoani. Wakubwa wamefurahi, wametoa nafasi moja ya ajira ya kudumu kwa mtu aliyebuni kitambaa chekundu. Mtu mmoja. Liandikwe jina moja, ziwekwe saini tatu za wahusika, karatasi ifike ofisini kwa Dakta Kyando Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi irudi ilikotoka. Dakta Kyando hakutaka lawama. Yeye picha alishapigwa, ameshika kitambaa, anacheka. Aliwapa karatasi akawaambia wamalizane wenyewe.

Ijumaa walijifungia masijala. Hakuna aliyekuwa na tamaa ya kijinga, tusiwaonee. Subilaga alisema mwaka wa tano wa kujitolea hauwezi, anarudi kwao kulima, na wodi itarudi kuandika ishirini. Ambakisye alisema akiondoka yeye, sanduku lile litachomwa na hakuna atakayejua siku ya saba ni siku gani. Tupokigwe alisema yeye akiondoka, kesho watamleta kibarua mwingine asiyejua salamu, na hakuna atakayegundua kwamba kuna kitu kimepungua.

Hapo ndipo Ambakisye alipoinuka, akatoa faili kwenye sanduku, akaliweka mbele ya Tupokigwe. Lilikuwa la mama yake. Kitanda cha saba. Tarehe ileile. Mahali pa pumzi pameandikwa ishirini, na chini pana saini ndogo iliyonyooka, saini ambayo Tupokigwe alikuwa anaiona kila siku kwenye chati za wodini.

Subilaga hakungoja aulizwe.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa na wagonjwa arobaini na wawili na glavu zimeniishia. Nilimtazama, nikaandika. Sikuhesabu."

"Na ukaniambia nideki."

"Nikakwambia udeki. Tangu siku ile sijaandika ishirini hata mara moja bila kuihesabu. Ndiyo sababu nahesabu, dada. Sina sababu nyingine."

Hasira ilimpanda Tupokigwe. Mwaka mzima alikuwa amemchukia mtu aliyejifunika barakoa, na mwaka mzima alikuwa anagawana chai na mtu huyo. Alitaka kumpiga. Alitaka amrudishie mama kwanza ndipo waongee habari za ajira. Unaweza kuua mtu kwa kuandika tarakimu mbili, kisha ukasifiwa kwa kuacha kuziandika? Lakini angemkana vipi mbele ya Mwalimu Anyelwisye, anayepalilia mahindi yake leo kwa sababu mtu huyuhuyu alihesabu dakika mbili?

Kisha akamgeukia mzee.

"Faili hili umelijua tangu lini, Mzee?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Unanisalimia kila asubuhi. Unaniuliza watoto, unaniuliza ng'ombe. Na hili umelikalia."

Ambakisye alisema kwamba kama angesema mwezi wa tatu, Subilaga angefukuzwa siku hiyohiyo, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameanza kuhesabu. Alinyamaza ili watu wapone. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Tupokigwe akamuuliza, mbona basi leo? Mzee alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, akaendelea kuifuta. Nje ya dirisha dogo watu walikuwa wanapita na mabakuli ya wagonjwa.

Mwisho Subilaga alichukua karatasi, akaweka saini yake kabla ya jina kuandikwa, akamsukumia mzee. Mzee naye akaweka saini. Wakamsukumia Tupokigwe pamoja na kalamu. Subilaga alisema aliyekosewa ndiye aandike, na atakayemwandika, wao wamekubali, hata akijiandika mwenyewe. Wakatoka nje, wakamwachia chumba. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Ingekuwa rahisi kama hadithi ingeishia hapo. Mwenye haki ameshika kalamu, ajiandike, tukalale. Lakini kuna jambo ambalo Subilaga hakulijua, na Ambakisye hakulijua, kwa sababu haliko kwenye faili lolote.

Baada ya kumzika mama yake, Tupokigwe alirudi wodini. Alirudi na uchungu, lakini mdomo ulikuwa umezoea, aliendelea kusalimia. Wiki ya kwanza, mzee wa kitanda cha nne alikwama kwenye ng'ombe. Wiki ya tatu, mama mmoja muuza maharage, kitanda cha kumi na moja, alirudia watoto mara nne. Tupokigwe alijua. Wakati huo alikuwa mtu pekee katika hospitali nzima aliyejua. Akamtazama muuguzi aliyekuwa karibu, hatua tatu tu kutoka pale alipo, akasema moyoni, si mlisema nideki? Akadeki. Hakufungua mdomo. Wote wawili walikufa, na mafaili yao yamo katika sanduku lilelile, sentimita chache kutoka kwenye goti lake.

Sasa amekaa. Mbele yake kuna karatasi yenye saini mbili na nafasi ya jina moja. Kuna mwanamke aliyeandika uongo akaua, akahesabu akaokoa. Kuna mzee aliyeona siku ambayo hakuna aliyeiona, akaficha faili ili watu wapone, akalifichua siku iliyomfaa yeye. Na kuna yeye mwenyewe, aliyesema mara moja akapuuzwa, akanyamaza mara mbili kwa makusudi, kisha akasimama mbele ya daktari na salamu yake. Na kuna wale wakubwa wa mkoani waliotuma nafasi moja kwa kazi ya watu watatu, na Dakta Kyando aliyebakiwa na mashine moja wodi ikiwa imejaa na hakuwahi kuandika barua kuomba nyingine. Hao hakuna anayewaita kwenye chumba hiki, na hilo ndilo linaloniwasha mimi mpaka leo.

Mlango umegongwa. Ni Dakta Kyando, anauliza kama bado. Tupokigwe ameinua kalamu, na sanduku la watu arobaini na mmoja liko wazi karibu na mguu wake.

Haya, mliokuwa mmefunga midomo, fungueni. Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani, na ukishaliandika, ungewaeleza nini wa kitanda cha nne, wa kitanda cha saba na wa kitanda cha kumi na moja?