Faki na Nyayo Zilizotazamana

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kijiji cha wajuzi, kila mtu tabibu.
Na wagonjwa?
Wagonjwa waliwakimbia.

Hapo kale palikuwa na mwanamke, jina lake Mize, akajifungua mtoto wa kiume, Faki. Mtoto mnene, mchangamfu, ila nyayo zake zilitazamana. Mize akampeleka kwa mganga wa viungo. Mganga akaikunjua ile miguu taratibu, akaifunga kwa vijiti vya mwanzi na vitambaa.

"Miezi mitatu," akasema. "Usifungue. Ukifungua inarudi ilikotoka, tunaanza upya. Na masika ya mwakani yakifika hajapona, mifupa itakuwa ishakomaa, mimi sitaweza tena. Atatambaa mpaka uzeeni."

Haya, niambieni, kazi hapo ni ipi? Kutofungua. Kukaa tu na mikono yako. Mnadhani rahisi? Sikilizeni.

Mize akaenda kisimani, akarudi, vitambaa viko chini. Jirani yake Zuwena kampakata mtoto.

"Alikuwa akilia, shoga. Nikamwonea huruma."

Mize akampokea mtoto. Akarudi kwa mganga, wakaanza upya.

Mwezi uliofuata akaenda kondeni, akarudi, vitambaa viko chini. Wifi yake Subira kamvika mtoto njuga miguuni.

"Mtoto hufunzwa kutembea kwa njuga, wifi. Hivyo vijiti vyako vinamzuia."

Mize akamvua mtoto zile njuga. Akarudi kwa mganga, wakaanza upya.

Mara ya tatu akaenda kuchanja kuni, akarudi, vitambaa viko chini na mtoto haonekani. Akamkuta nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake, Bi Riziki, kamchimbia shimo, kamfukia kwa mchanga mpaka kiunoni ili asimame.

"Sisi sote tulisimamishwa hivi," akasema Bi Riziki. "Wewe na mganga wako mmetoka wapi?"

Jamani, hapo Mize alichoka. Alichoka mpaka akacheka. Akahesabu: kufika masika ilibaki miezi mitatu na siku chache tu. Agombane na mkwewe? Ataambiwa hana adabu. Alie? Watamwacha mtoto waje kumbembeleza yeye.

Akapiga goti. "Mama, nimekubali. Mchanga na uwe mchanga. Lakini mwiko wake si unaujua? Mtoto aliyefukiwa hawekwi tena chini mpaka atembee. Na wa kumbeba ni yule yule aliyemfukia."

Bi Riziki hakuwahi kuusikia mwiko huo. Lakini atasemaje hajui, mjuzi kama yeye?

"Naujua tangu hujazaliwa," akasema.

Siku ya kwanza akambeba akitwanga. Siku ya pili akambeba akipika. Siku ya tatu akambeba kainama, maana kunyooka hawezi.

"Mize, hivi nitambeba mpaka lini?"

"Mpaka atembee, mama."

"Na asipotembea?"

"Mpaka aoe. Hapo mtapokezana na mkewe."

Bi Riziki akajishika kiuno. "Huyo mganga wako anakaa wapi?"

Basi Faki akafungwa tena, na Bi Riziki akakaa mlangoni na mchi mkononi. Zuwena akaja na huruma yake, akarudi nayo. Subira akaja na njuga zake, akarudi nazo. Miezi mitatu ikatimia bila kitambaa kuguswa.

Mvua ya kwanza ya masika ikanyesha, mganga akafungua. Nyayo zikatazama mbele. Faki akasimamishwa uani, akaanguka. Akashika kinu, akasimama, akaanguka. Mara ya tatu akaanguka kifudifudi, akaangua kilio. Na nani aliyechomoka mbio kwenda kumwokota? Mize. Mize huyo huyo.

Bi Riziki akamkamata upindo wa kanga. "Kaa."

"Ameumia, mama."

"Ndiyo, ameumia. Kaa."

Mize akakaa. Moyo ulimuuma kuliko siku zote za vitambaa. Faki akalia weee, akaona hakuna anayekuja. Akanyanyuka. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akampita mama yake, akampita bibi yake, akaenda zake kumfukuza kuku.

Na mimi hadithi yangu imechoka, inataka kulala. Aliyependezwa nayo aondoke nayo. Asiyependezwa aiache hapa hapa, nitakaa nayo mwenyewe.