Jani la Pundamilia

Paukwa.

"Pakawa."

Mmekaa?

"Tumekaa."

Mmesogeana?

"Tumesogeana."

Basi anayesinzia asinzie masikio yakiwa wazi, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana mimi nikishaanza sisimami, nikisimama nasahau.

Zamani, zamani sana, mbwa bado anaishi porini na kuku hajui kulala ndani ya nyumba, mvua iligoma. Iligoma mwaka wa kwanza, ikagoma mwaka wa pili, mwaka wa tatu wanyama wakaacha hata kutazama juu. Mto ukakauka. Madimbwi yakakauka. Umande nao ukakauka. Maji yakabaki mahali pawili tu. Palikuwa na bwawa mbali huko, mwendo wa siku mbili, na palikuwa na kisima kimoja hapo karibu, nacho kilikuwa cha Bibi Nyati.

Bibi Nyati alikuwa mtu mzima, mgongo umepinda, sauti inakwaruza. Hakuwa mchoyo, jamani, ila kisima kilikuwa kidogo, na kila akiinama kunywa anakuta tope, inabidi apulize kwanza, fuu, fuu, ndipo anywe. Akasema amechoka. Akamtuma Ngiri, mlinzi wa lango lake, akatangaze.

Ngiri akatangaza: "Bibi anataka mtunza kisima. Mmoja tu. Atakayepata kazi atakunywa hapa, yeye na watoto wake, mpaka mvua irudi. Aje na jani la maombi, ajieleze. Siku tatu, basi."

Mmoja tu. Na nchi nzima haina kazi.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo Digidigi. Mnamjua, yule swala mdogo kuliko wote, miguu kama vijiti, akishtuka anakimbia kabla hajajua anakimbia nini. Alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Wengine wakiikosa kazi, walikuwa na miguu ya kufika bwawani. Mtoto wa wiki tatu hafiki popote. Na mama asiyekunywa, maziwa yatoke wapi? Mtoto alinyonya, akaacha, akanyonya tena, hakuna kitu. Moyo wa Digidigi ukapiga pu, pu, pu. Akasema, "Naenda kuomba kazi." Akamficha mtoto kichakani, akaenda mbio.

Njiani akamkuta Sungura amekaa, rundo la majani ya mgomba mbele yake, mwiba mkononi, anaandika. Maana Sungura alisoma, bwana. Wanyama wamempangia mstari.

"Karibu, dada," Sungura akasema. "Jani la maombi, limejaa, Bibi akilisoma anasimama mwenyewe."

"Linasema nini?"

"Linasema wewe ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, unafanya kazi bila kusimamiwa. Hayo ndiyo wanayotaka wakubwa. Lete huo ukwaju nikupe."

Digidigi alikuwa na kipande kimoja cha ukwaju, anakimumunya kupoza kiu. Akakitoa. Akapewa jani. Hakulisoma. Nani alisoma? Ukishaandikiwa na msomi, unasoma ya nini?

Akafika kwa Bibi Nyati, akakuta Ngiri amewapanga wanyama kivulini, kando ya kisima, wanasukumana, wanakanyagana. Akaingia kwenye foleni. Bibi akamwita wa kwanza, naye alikuwa Fisi. Akachukua jani lake, akasoma polepole.

"'Mimi, Pundamilia, mwenye milia ishirini na sita kila ubavu, ni mchapakazi.'" Bibi akainua macho. "Wewe ni Pundamilia?"

Fisi akameza mate. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ndiyo, Bibi."

"Milia iko wapi?"

"Jua, Bibi. Imefubaa."

Akaja Kobe. Jani ni lile lile.

"Na wewe ni Pundamilia?"

"Kwa upande wa mama," Kobe akasema.

Akaja Pundamilia mwenyewe, masikini, kwa jina lake, kwa milia yake, jani lake la halali. Bibi akamwambia, "Leo nimeshaona Pundamilia wawili. Wa tatu simtaki. Toka."

Mmeshaelewa. Sungura aliandika jani moja, la Pundamilia, mkono ukamuuma, mengine yote akanakili neno kwa neno, na jina asibadilishe.

Digidigi alikuwa wa nne. Anasikia yote. Jani liko mdomoni. Akitoka kwenye foleni amepoteza siku, akibaki atakuwa Pundamilia. Afanye nini? Akalitafuna. Akalitafuna lote, akameza, akatoka mstarini.

Nyuma yake wakacheka. "Tazameni, njaa imemzidi, amekula maombi yake."

Hiyo ni siku ya kwanza.

Siku ya pili Digidigi akawaza, kama wote tunasema sawasawa, basi mimi nifanye kitu nionekane. Lakini wenzake nao walikuwa wamewaza hivyo hivyo, maana habari ya majani ilishaenea. Kanga alikuja anacheza, kila doa amelipaka chokaa. Nyani alipiga sarakasi tatu. Fisi alijichora milia kwa mkaa. Digidigi naye akajifunga matawi mawili ya mgunga kichwani yawe pembe, tena kubwa, ili aonekane mnyama wa maana.

"Pembe nzuri," Bibi Nyati akasema. "Hebu inama uchote maji nikuone."

Akainama. Pembe zikaanguka ndani ya kisima, moja chubwi, ya pili chubwi.

"Nilitaka mtu wa kunitolea tope," Bibi akasema. "Wewe umenitia kuni."

Wakacheka mpaka Ngiri akakaa chini. Digidigi alitamani ardhi immeze. Lakini kuni lazima zitoke, kwa hiyo akaingiza shingo, pua karibu na maji, na yeye ni mfupi, macho yake yapo pale ambapo wengine wana magoti. Ndipo akaona kitu. Akaona tope halitoki kila mahali. Linatoka upande mmoja, linaingia kama moshi, kidogo kidogo. Foleni ikisogea, linakuja. Foleni ikisimama, linatulia. Foleni ikisogea tena, linakuja tena. Akatazama miguu ya wenzake, kwato na kucha, na katikati ya kwato na kucha akaona ardhi ina unyevu, inabubujika.

Lilikuwa jicho la maji. Jicho la maji, wanangu, ni pale maji yanapochomoza ardhini kabla hayajaingia kisimani. Na wote walikuwa wamelisimamia.

Hakusema. Aliogopa, nani angemsikiliza aliyetia kuni kisimani? Akarudi kichakani. Mtoto siku hiyo hakuinuka kumpokea. Aliinua sikio moja tu.

Siku ya tatu Digidigi akafika kabla ya foleni. Hakwenda langoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye jicho, akachimba kwa zile kwato ndogo, akatoa tope, akatoa majani makavu, akatoa na mavi ya waliosubiri jana, mnisamehe lakini ndivyo ilivyokuwa. Akaokota mawe akayapanga kulizunguka jicho, mawe madogo madogo, maana makubwa hayawezi. Wenzake wakaanza kuja.

"Piteni huku juu, kwenye mwamba, tafadhali."

Fisi, mkaa bado unamtiririka mbavuni, akamuuliza, "Umeajiriwa lini?"

"Sijaajiriwa."

"Sasa unatuamrisha kama nani?"

"Siwaamrishi, kaka, nawaomba. Hapo mnakanyaga maji."

"Unamfanyia Bibi kazi bure," Fisi akasema. "Kesho atataka wote tufanye bure. Wewe ndiye utakayekuwa umetuharibia."

Neno hilo likamwingia, kwa sababu lilikuwa na kweli ndani yake. Akasimama, kwato moja juu. Akafikiria sikio la mtoto.

"Ni leo tu," akasema. "Kesho sitakuwa na nguvu za kuja."

Fisi akasonya, lakini akapita mwambani, na wengine wakamfuata.

Jua likapanda. Bibi Nyati akatoka, akaja kunywa kabla ya usaili, kama kawaida yake. Akainama, akavuta pumzi apulize, akakosa cha kupuliza. Akanywa. Akanywa kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Nani ameyagusa maji yangu?"

Kila mtu akaona hapa kuna kesi. Ni Sungura tu, aliyekuja na rundo jipya la majani, ndiye aliyeona hapa kuna kazi, akaruka mbele.

"Ni mimi, Bibi. Nimeamka mapema."

"Vizuri. Jicho liko wapi?"

Sungura akatazama kisima, akamtazama Bibi. Akanyoosha mkono katikati ya maji. "Pale, chini kabisa."

"Ingia ukaliguse."

Sungura akarudi nyuma hatua tatu.

Bibi akamgeukia Fisi. "Wewe. Jicho liko wapi?"

"Yote mawili yako usoni, Bibi," Fisi akasema, "tena ni mazuri sana."

Bibi akatazama chini. Akamwona Digidigi, tope mpaka machoni. "Na wewe wa kuni?"

Digidigi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akafungua mara ya pili, haikutoka. Mara ya tatu ikatoka yote kwa mpigo. "Liko pale foleni ilipokuwa inasimama, Bibi, na tope lilikuwa letu, sisi tuliokuja kuomba kazi ya kutoa tope ndio tuliokuwa tunalitia, siku mbili zote, na kabla yetu naona ni Ngiri na wageni wako, maana kivuli kiko pale na kila anayekuja husimamishwa pale."

Ngiri akakohoa. Hakuna aliyewahi kumwambia Bibi Nyati kwamba kuna kosa nyumbani kwake. Digidigi akafumba macho, akangoja kupigwa pembe.

Bibi akaenda mpaka kwenye jicho. Akayatazama yale mawe. Akarudi.

"Jani lako liko wapi?"

"Nililila, Bibi."

"Lilisemaje?"

"Lilisema mimi ni Pundamilia."

Bibi akatoa sauti, hawakujua ni kicheko au ni kifua. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Digidigi. Jiwe kubwa siwezi. Tope naliona kabla halijafika kwako. Nina mtoto, maziwa yamekatika, na jana hakuinuka."

"Mbona hukuja na habari ya mtoto tangu siku ya kwanza?"

"Kila mtu kwenye foleni ana mtoto, Bibi."

Bibi Nyati akaitazama foleni, mmoja mmoja, kama ndiyo kwanza anawaona. Kisha akasema, "Nenda kamlete. Kazi unaanza ukirudi."

Sungura alikuwa anajiondokea taratibu. Bibi akamwita. "Wewe msomi, keti hapa. Wasomee wenzako majani uliyowauzia kwa vyakula vyao. Kwa sauti."

Akasoma la kwanza. "Mimi, Pundamilia." Akasoma la pili. "Mimi, Pundamilia." La tatu hakulimaliza, walikuwa wameshainuka, na Pundamilia ndiye aliyekuwa mbele. Sungura akatimua vumbi. Ndiyo maana hata leo akiona wenzake wamekusanyika hangoji kujua wanazungumza nini.

Wengine wakashika njia ya bwawani mchana ule ule, siku mbili za jua, watoto wanaoweza kutembea wakitembea. Bibi alimwomba Pundamilia radhi, akamnywesha kabla hajaondoka. Lakini kazi ilikuwa moja, na radhi si kazi.

Digidigi akamleta mtoto, amemshika kwa ngozi ya shingo. Akamlaza ukingoni. Mtoto alizaliwa kwenye ukame, maji hayajui, akayaona yanameta akaogopa. Mama akachovya pua, akamsogezea. Mtoto akairamba pua. Mama akachovya tena, akairamba tena. Mara ya tatu hakumngoja mama. Aliinuka kwa miguu yake yote minne, akainama mwenyewe.

Mkimwona digidigi mtazameni chini ya jicho, ana doa jeusi. Ni tope la siku ile, wanasema, halikutoka.

Funzo ni hili, wanangu. Ukienda kuomba kazi mahali penye foleni ndefu, nenda kwa jina lako mwenyewe, usiazime milia ya mtu. Na kabla hujajisifu, inama kwanza uangalie kazi yenyewe inaumwa wapi, ushike hapo. Sisemi ukifanya hivyo utapata. Kisima kilikuwa kimoja. Nasema tu kwamba Digidigi alipata, na wale wote waliokuwa Pundamilia hakuna aliyejua hata waliitwa nani.

Hadithi nimeitua hapa chini. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka aipishe njia, mimi nainuka, mtoto analia.