Nguchiro Kipa na Dawa ya Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitika kama mliosinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakicheza kandanda, palikuwa na klabu mbili, Bondeni na Ng'ambo. Kila klabu ilikuwa na timu ya majike na timu ya madume. Kiangazi kikikaribia, walikutana. Majike walicheza asubuhi, madume walicheza alasiri, magoli yakajumlishwa. Klabu iliyoshinda ilibaki mtoni. Iliyoshindwa ilihamia nyikani, mwendo wa siku nne, mpaka mvua irudi.

Bondeni walikuwa wamehama miaka mitatu mfululizo. Majike wanashinda mbili bila, madume wanafungwa tatu bila. Asubuhi vigelegele, jioni mizigo.

Kipa wa majike alikuwa Nguchiro. Mdogo wa mwili, mwingi wa maswali. Akiona shimo huchungulia, akiona jiwe hulipindua. Lakini mwaka huo alikuwa na hofu. Mama yake alikuwa amezeeka, miguu imekwisha. Nyikani asingefika.

Nguchiro akaanza kuuliza. Mbona sisi tunashinda, kaka zetu wanafungwa? Akaambiwa Ng'ambo wamefukia dawa kwenye mlango wa uwanja. Kinyonga mganga ndiye aliyeiona. Kwa hiyo madume hawakupita mlangoni. Waliparamia ua wa miiba na kuruka ndani kinyumenyume. Pu! Pu! Pu! Na Ngiri, nahodha wao, kwa tumbo lake lile, alisukumwa na watatu.

Akauliza tena, mbona majike tunapita mlangoni na hatudhuriki? Akaambiwa dawa ile haihesabu majike. Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. Dawa gani hiyo inayochagua?

Siku ya mechi ikafika. Asubuhi majike wakapita mlangoni, wakashinda mbili bila. Nguchiro hakungoja kushangilia. Alimfuata Ngiri nyuma ya ua.

"Kaka nahodha, hebu nione mguu wako."

Ngiri aliona haya, lakini akauinua. Katikati ya kwato palikuwa na kidonda, na mwiba wa mwaka jana ungali ndani.

"Dawa yao kali, dada," alisema Ngiri. "Ukishaingia tu uwanjani, miguu inawaka moto. Sote."

Nguchiro akaenda mlangoni, akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Wachezaji wote wakaja kutazama. Kichwa kikazama, kiuno kikazama, mkia ukazama. Kwaru, kwaru! Kinyonga akabadilika rangi mara tatu. Mwishowe Nguchiro akatoka, pua imejaa udongo.

"Juu mchanga," alisema. "Chini yake mchanga. Na chini ya mchanga, mchanga."

Akalifukia shimo, akasimama juu yake.

"Kaka, mama yangu hawezi tena kutembea. Pita hapa. Kama dawa ipo, itaanza na mimi."

Ngiri akafumba macho. Akapita. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Sasa Ng'ambo wakaanza kunong'onezana. Yule mdogo kafukia nini pale? Wakaapa hawapiti. Wakaparamia ua wa miiba. Pu! Pu! Pu!

Jamani, mechi ile ilikuwa ya vilema. Ng'ambo walichechemea, Ngiri naye alichechemea na mwiba wake wa mwaka jana. Lakini wenzake walikimbia, na goli likapatikana. Moja bila. Ukijumlisha na ya asubuhi, tatu.

Jioni mama yake Nguchiro akashuka mtoni, akanywa polepole. Akatazama upande wa pili, Ng'ambo wakifunga mizigo.

"Mwanangu," aliuliza, "kule hakuna mama mwenye miguu kama yangu?"

Kumbe maswali yalikuwa ya ukoo. Nguchiro akavuka mto, akawachomoa Ng'ambo miiba, akawaonyesha kilichowachoma. Akawaambia wasihame, mto ni mpana. Tangu siku ile hakuna aliyehama, na wanyama wote hupita mlangoni.

Wanangu, na nyie wazee wenzangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwiba ulioukanyaga mwenyewe usimsingizie jirani.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Mlango uko wazi, piteni mkalale.