Alama ya Maji Kwenye Mwamba

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Maana yake ni kwamba aliyekula chumvi nyingi ameyaona ambayo mwenye umri mfupi hajayaota. Nicanor Shitanda aliifahamu methali hii tangu shule ya misheni, lakini kuielewa kulimgharimu nyumba.

Mwaka wa 1947 Nicanor alikuwa ametimiza miaka tisa katika shamba la Mzungu mmoja kaskazini mwa Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo. Shambani mlikuwa na ziwa dogo. Kila alfajiri aliingia majini hadi magotini, akasoma nguzo iliyochorwa futi na inchi, kisha akaandika kitabuni kimo cha maji. Baridi ya nyanda zile ilimla magoti, na kufikia jioni alikuwa amechoka hoi bin taabani.

Mawimbi ya ziwa lile yalikuwa yakiumega ukingo na kuikaribia kambi ya vibarua. Injinia akaletwa kupanga ukuta wa mawe. Alipekua kitabu cha Nicanor, akaona kuwa katika miaka yote tisa maji hayakuwahi kupita futi saba. Akaongeza mbili kwa ajili ya mawimbi, akaamua kuwa ukuta wa futi tisa ungetosha. Nicanor alivimba kichwa. Ukuta mzima ulikuwa umetoka kwenye mwandiko wake.

Jioni hiyo Jemutai, ajuza aliyechunga ng'ombe pale kabla Wazungu hawajafika, alimpeleka kwenye mwamba ulio juu ya kambi. Akamwonyesha mstari mweupe jiweni na matete makavu yaliyokwama katika ufa.

"Maji yalifika hapa," alisema. "Nilikuwa msichana, sijang'olewa meno ya chini kwa mila yetu. Ng'ombe wetu walikufa wakiogelea. Mwambie yule mtu wa kupima."

Nicanor alitazama chini. Mstari ule ulikuwa juu ya kimo cha ukuta kwa zaidi ya urefu wa mtu. "Mama, nimeandika kila siku kwa miaka tisa. Sijaona maji hayo."

"Miaka tisa? Nina ng'ombe mwenye umri mkubwa kuliko kitabu chako."

Nicanor aliahidi kusema. Lakini hema la injinia lilikuwa ng'ambo ya ziwa, mwendo wa saa nzima, na magoti yalikuwa yakimwaka moto. Mkewe, Nanzala, alipomhimiza aende, alijibu kuwa amechoka, na tena nani angesikiliza maneno ya ajuza. Kulipokucha, injinia alikuwa amekwenda zake.

Ukuta ukajengwa, watu wakalala usingizi wa pono. Mwaka wa 1951 masika yalikuja, yakakataa kuondoka. Maji yakapanda futi nane, kisha tisa, hata nguzo ikazama. Jumapili moja Jemutai alizunguka kambini tangu asubuhi, nyumba hadi nyumba, akiwahimiza watu wapande mwambani na watoto na mifugo yao. Wengi walimtii. Alasiri upepo ukavuma, mawimbi yakauruka ukuta, yakachota udongo uliokuwa nyuma yake, na mawe yakaporomoka safu baada ya safu. Nyumba ya Nicanor ilikwenda na maji, pamoja na cherehani ambayo Nanzala aliidundulizia pesa kwa miaka saba. Hakufa mtu.

Nanzala alikaa juu ya mwamba na binti yao, kanga imemganda mwilini. "Baba Tryphosa," alisema taratibu, "siku ile uliniambia umechoka. Sasa tutapumzika wapi?"

Nicanor alishuka hadi ukingo wa maji. Maji yalisimama shubiri moja chini ya mstari mweupe.

Injinia aliporudi, alikitaka kitabu. Nicanor alimkabidhi, kisha akamwongoza kwa miguu mpaka nyumbani kwa Jemutai, huku akichechemea njia nzima na kukataa kupumzika.

"Anza na huyu," alimwambia. "Kitabu changu kina miaka kumi na mitatu tu."

Ajuza alisema, Nicanor akafasiri, injinia akaandika hadi jua likaelemea magharibi. Kambi mpya ikajengwa juu ya mwamba. Nicanor aliendelea kuingia majini kila alfajiri, magoti yakiuma vilevile, na kila aliyemsifu kwa kitabu chake alimjibu kwa uchovu kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi.