Mkono wa Kushika Mpira

Hapo zamani, zamani hizi hizi zenye zahanati na manesi, palikuwa na mkwezi wa minazi aitwaye Mbaruku. Alianguka, uti wa mgongo ukavunjika, na kuanzia kifuani kushuka chini mwili ukawa si wake tena. Kibofu kilijaa, lakini hakikuweza kutoa mkojo chenyewe. Nesi akamfundisha: kila masaa manne nawa mikono, ingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, utoe mkojo. Akamwonya na mkewe, Mize: "Akichelewa, kichwa kitamgonga na jasho litamtoka usoni. Msingoje, presha itamuua."

Mwaka mzima Mbaruku alijifanyia mwenyewe.

Ikaja siku ya posa ya binti yao. Kombo, mdogo wake Mbaruku, akauchukua mkoba wa mipira akauficha darini, akamwambia Mize: "Shemeji, leo wageni wasiyaone haya. Watasema tunaoza binti wa nyumba ya wagonjwa." Na kwa ada yao, baba haondoki mkekani mpaka posa ijibiwe.

Wageni wakachelewa, na Mbaruku keshaketi mkekani. Masaa manne yakapita, yakawa sita. Wageni walipokwisha kuingia, Mize akachungulia nyuma ya pazia, akaona jasho usoni mwa mumewe. Akamwita Kombo. Kombo akasema, "Ngoja kidogo." Mize akangoja. Mbaruku akaulizwa na wageni, "U mzima?" Akajibu, "Mzima." Mzima gani, jamani, na kanzu imelowa jasho?

Posa ikajibiwa, Mbaruku akaanguka. Kiharusi kikamchukua mkono wa kulia.

Waliporudi kutoka hospitali, Kombo akasema, "Sasa kumwingizia mpira ni kazi yako, shemeji. Mke ndiye sitara ya mume. Mimi niliuficha mkoba kwa heshima ya nyumba."

Mize akawaka. "Heshima ipi? Ulikuwa mpira, haukuwa mali ya wizi. Nilingoja, nakiri, na nafsi yangu siisamehi. Lakini nilingoja kwa neno lako. Mkono ulioficha ndio ushike."

Mbaruku akasema kwa ulimi mzito, "Niliulizwa, nikasema mzima. Kosa langu. Nitajifanyia kwa kushoto." Akaushika mpira, ukamdondoka. Mize akazidi kukasirika, maana kumwachia ni kumzika.

Kombo aliuficha, Mize alingoja, Mbaruku alisema yu mzima. Mpira mpya uko mezani na masaa manne yanatimia. Enyi mliokaa hapa, msinitazame mimi: je, ni mkono wa nani unaostahili kuushika?