Mgonjwa wa Bi Kasa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Kiboko alikuwa bado anaona haya na Kifaru anatazama kwanza ndipo apige kumbo, palikuwa na bibi mmoja, Bi Kasa. Kasa mnamjua? Ni kobe aliyejifunza kuogelea. Basi, huyo.

Bi Kasa alikuwa mzee. Mguu wake mmoja ulivunjika mwambani, na tangu siku hiyo mawimbi yakamshinda. Akahamia nchi kavu, akajenga kinyumba cha udongo. Lakini siku aliyoiaga bahari alitoka na kitu chini ya ulimi: kipande cha tumbawe hai, kidogo kama ukucha wako huo, wewe unayejikuna pua.

Uani kwake akajenga hodhi la mawe, akalijaza maji ya bahari, akakiweka kile kipande humo. Na tumbawe, wanangu, msidanganyike na ugumu wake. Ni kiumbe. Lina vidomo elfu, vinafunguka na kufumba, vinasubiri kulishwa kama nyinyi.

Miaka ikapita, kipande kikawa kichaka cha matawi ya zambarau. Humo akaja kuishi Kitatange, samaki mdogo wa mistari, yatima, aliyeletwa kwa bahati ndani ya ndoo ya maji. Kila asubuhi Bi Kasa aliinamia hodhi.

"Mjukuu wangu, umeamkaje?"

"Salama, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Na nyumba yako?"

"Imefunua vidole vyote, bibi."

Hapo Bi Kasa akicheka, siku yake imeanza. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwamkia.

Sasa jirani yake alikuwa Bwana Kiboko, mwenye moyo mkubwa kama tumbo lake, na tumbo mmeliona. Siku za jua kali Kiboko alichungulia uani, akaona maji yamepungua.

"Ala! Bibi wa watu atakaukiwa!"

Mbio pwani. Akajaza mdomo maji ya bahari, akarudi mashavu yamevimba, pwaaa! Hodhi likajaa. Kesho yake jua likanywa, Kiboko akajaza. Kesho kutwa vilevile. Wema mtupu!

Siku ya kumi Kitatange akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, macho yananiwasha. Na nyumba imefumba vidole."

Bi Kasa akatazama. Zambarau ilikuwa imeanza kupauka. Akakaa chini, puu, akashika tama.

Habari ikatoka. Na mji ule ulikuwa na desturi yake: mgonjwa haendewi mikono mitupu. Ukimwendea bure, utasemwa mpaka wajukuu zako wakatae kula na wewe. Basi alasiri ile ikawa msafara.

Akaja Mjomba Tembo, mkonga umejaa maji ya mvua. Akachovya ulimi hodhini. "Uuh! Chumvi kali! Mgonjwa anaoza kwa chumvi!" Shwaaa! akamimina mkonga mzima.

Akaja Bi Kifaru, fundi wa kuchoma chokaa, mabega meupe utadhani amejipaka poda. "Matumbawe mifupa yake chokaa. Huyu kaishiwa mifupa, maskini." Bwaa! beseni zima.

Kiboko akarudi, akaonja. "Nani katia maji baridi humu? Mnataka kumuua?" Pwaaa! bahari tena.

Mara chumvi, mara mvua, mara chokaa. Kitatange akawa anaogelea ubavuubavu. Matawi mawili yakawa meupe pe, kama mifupa ya kuku baada ya harusi.

Ndani ya ukuta wa Bi Kasa alipanga mpangaji mmoja, Sange. Sange ni yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, pua iliyotaka kuwa mkonga ikasahau kukua. Alikuwa na mbio, alikuwa na maneno, na alimwita Tembo "mjomba" kwa ajili ya pua tu.

"Bi Kasa," akasema, "waambie waache."

"Nitawaambiaje, mwanangu? Mgeni kaja na chake mkononi, nimwambie asimimine? Wananipenda."

"Wanakupenda, naona. Wataiua nyumba ya mtoto kwa mapenzi."

Bi Kasa akaanza kulia. Machozi ya kasa ni mazito, wanangu. Yanashuka polepole kama asali.

"Kitatange akifa, Sange, asubuhi nitamwamkia nani?"

Sange akakuna kichwa. Pua ikacheza kushoto, ikacheza kulia. Akasema, "Bibi, una manjano jikoni?"

"Ninayo."

"Na hina?"

"Ya Idi imebaki. Unaoa?"

"Nahamisha mgonjwa."

Alasiri ya pili wageni wakafika, kila mmoja na mzigo wake. Wakamkuta Sange amesimama mlangoni, kilemba kichwani, amejitia uganga.

"Hodi!"

"Karibuni, lakini taratibu. Mgonjwa amehamishiwa barazani, apate hewa. Uani marufuku, wanawake wameloweka nguo."

Pale barazani palikuwa na birika kuukuu la kunyweshea mbuzi, limejaa maji. Ndani yake, jiwe kubwa limepakwa manjano huku, hina kule, limevishwa mwani kama bi harusi.

"Kha!" Tembo akapiga makofi kwa masikio. "Mbona amenawiri?"

"Dawa zenu hizo, mjomba. Haya, mimineni!"

Shwaaa! Bwaa! Pwaaa! Maji yakageuka rangi, yakawa kama mchuzi.

Bi Kifaru akatumbua macho. "Mama yangu! Ana homa ya manjano!"

"Ndiyo inatoka hiyo," Sange akasema bila kupepesa. "Ongeza chokaa."

Ikawa hivyo kila siku, na kila usiku Sange akalipaka jiwe rangi upya. Wakubwa wanamimina mbele, na Sange akimaliza kuwaaga anachomoka, fyuu! mpaka uani kwenye hodhi la kweli.

Huko hakukuwa na shwaa wala pwaa. Sange alifunga kokoto kwenye kipande cha mwanzi, kikaelea wima. Maji yakizidi chumvi, mwanzi unapanda. Chumvi ikipungua, unazama. Akauwekea alama ya mkaa pale ulipokaa katika maji ya bahari yenyewe. Hodhi nalo akalichorea mstari ndani, usawa wa maji.

"Jua, bibi, hunywa maji, chumvi huisaza siniani," akamweleza Bi Kasa. "Kiboko alikuwa anaongeza chumvi juu ya chumvi. Kinachopungua ni maji matupu, basi turudishe maji matupu."

"Turudishe mtungi mzima leo, tumalize?"

"Bibi! Na wewe?"

Bi Kasa akaona haya, akaingiza kichwa ndani ya gamba.

Kila asubuhi kifuu kimoja cha maji ya mvua, mpaka mstarini, basi. Ijumaa kwa Ijumaa ndoo moja ya maji ya zamani inatoka, ndoo moja mpya ya bahari inaingia. Chokaa? Chembe kwenye ncha ya kidole, imeyeyushwa usiku kucha, inadondoshwa ti, ti, ti. Wiki ya kwanza hapakuwa na badiliko. Wiki ya pili Bi Kasa alikaribia kukata tamaa.

"Hata halikohoi, Sange."

"Halijazidi kupauka, bibi. Hiyo ndiyo salamu yake."

Wiki ya tatu Kitatange akaogelea wima, akaomba chakula. Bi Kasa alilia tena, lakini machozi yale yalikuwa na mwendo mwingine.

Siku ya thelathini, barazani, Kiboko alizidiwa na mapenzi.

"Mwezi mzima namuuguza, sijambusu hata mara moja!"

"Usimguse!" Sange akaruka.

Alikuwa amechelewa. Mdomo ulishaingia birikani. Mwaaa! Kisha, kacha! Kiboko akainuka, midomo ya manjano, jino limelegea, jiwe mikononi limechubuka rangi ubavu mzima.

Bi Kifaru akalisogelea. Akaligonga kwa pembe. Akalinusa.

"Hili jiwe nalijua. Nimelichonga mimi."

"La nini?" Kiboko akauliza.

"La choo cha Fisi."

Kiboko akatema, akafuta ulimi kwa nyasi, akatema tena.

"Sange!" wakanguruma wote. Bi Kifaru akainamisha pembe, akapiga kwato chini, vumbi likatimka. Sange akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ila Mjomba Tembo hakunguruma. Masikio yake yalishuka kama nguo zilizoanikwa bila upepo.

"Nililiimbia," akasema. "Kila siku nililiimbia jiwe, nikidhani linanisikia. Kwa nini, mwanangu?"

Hapo pua ya Sange ikaacha kucheza. Kumdanganya mwenye nguvu ni raha, wanangu, mpaka umwone kainamisha kichwa.

"Nisamehe, mjomba. Nilitafuta neno la kukuambia usilete, nikalikosa."

Bi Kasa akatoka, anajikokota. "Msimguse. Neno lilikuwa langu, na mimi ndiye niliyeogopa kulisema. Niliogopa msije mkaacha kuja. Njooni uani, mwone."

Wakaingia kwa foleni, tumbo kwa tumbo, mlango ukalia krrr.

Tumbawe lilikuwa limefunua vidomo vyote. Zambarau ile! Na kwenye ncha ya yale matawi mawili yaliyokuwa mifupa, palikuwa pameota kitu kipya, kilaini, kidogo kama jino la kwanza la mtoto. Kitatange alipita katikati yake akicheza, akasimama, akawatazama.

"Shikamooni," akasema.

Kiboko akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Bi Kifaru akaufuta uso, chokaa ikabaki kopeni. Tembo akainama karibu, karibu zaidi, chozi likajaa jichoni kama chungwa.

"Mjomba, rudi nyuma!" Sange akapiga kelele. "Hilo nalo lina chumvi!"

Wakacheka mpaka kuku wa jirani wakatoroka.

Bi Kasa akakichukua kifuu, akampa Tembo. "Cha asubuhi ya leo bado hakijatiwa. Tia wewe."

Mnamwona Tembo? Miguu minne kaikita ardhini. Mkonga uliozoea kung'oa mibuyu umekishika kifuu kwa ncha, amebana pumzi, jasho linamtoka. Akainamisha. Tiririri... maji yakagusa mstari, kifuu kikaisha. Tumbawe halikufumba hata kidole kimoja.

"Kingine kidogo tu?" Tembo akanong'ona.

"Kimoja!" wakasema wote, na Bi Kifaru akamvuta mkia.

Na Kitatange akapanda juu, akaigusa ncha ya mkonga kwa mdomo wake, chwi, akashuka kwenda kulala katika nyumba yake.

Kiumbe dhaifu halelewi kwa wingi wa siku moja, hulelewa kwa kidogo cha kila siku.