Vijitu vya Pakacha la Bi Mwanaheri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Mkeka na msusi wake. Mwenye masikio akae, mwenye usingizi akalale."

Hapo zamani za kale palikuwa na msusi wa mikeka, Bi Mwanaheri. Ndani ya pakacha lake waliishi vijitu vidogo, koo mbili. Ukoo wa kwanza ni Irabu: A, E, I, O, U. Hao watano tu, kazi yao kuimba. Ukoo wa pili ni Konsonanti, wengi kama siafu, nao walijua kukohoa, kuguna na kupuliza. Hawakupatana hata kidogo. Kila ukoo ulikaa upande wake wa pakacha.

Sasa, binti yake Bi Mwanaheri, Kibibi, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mila ya kwao, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake mzaa mama, lakini binti hatoki kwa mumewe mpaka mama amwite. Na mama kateguka mguu. Alilia, maskini, alilia mpaka ukili aliokuwa akiusuka ukalowa.

"Nani ataniitia mwanangu?"

Irabu wakaruka. Wakapanda, wakashuka, wakafika. "Iii! Uuu!"

"Fisi hao," akasema Bi Mashavu, mkwewe Kibibi, akakomea mlango.

Wakaenda Konsonanti. Wakapanda, wakashuka, wakafika. "K-k. B-b. D."

"Wamepigwa na baridi hawa," akasema Bi Mashavu, akawapikia chai ya tangawizi. Wakanywa, wakarudi. Ujumbe, wapi!

Bi Mwanaheri akakasirika. "Miye ukili nausukaje? Ukindu mmoja juu, mmoja chini. Haya, shikaneni mikono."

Walinuna, lakini walimpenda bibi yao, wakashikana. Wakapanda, wakashuka, wakafika. K na I wakaingia: "Ki." I akatoka mbio, akashikwa na B: "bi." Wakatoka, wakaingia tena: "bi." R akaja na U: "ru." D akamvuta I, aliyekuwa sasa anahema kama mbuzi mnene: "di."

"Kibibi, rudi."

Kibibi aliacha upawa chunguni. "Mama ananiita," akasema, machozi ya furaha yakamtoka.

Bi Mashavu akamfungia mzigo. "Nenda, mwanangu. Umeitwa."

Alifika Alhamisi, Ijumaa akajifungua juu ya mkeka wa mama yake. Mtoto akalia, "Aaa." Ndiye A huyo, kakimbilia mbele peke yake. M akataka kumfuata, Bi Mwanaheri akamzuia. "Mwache kwanza, meno yaote."

M akangoja. Meno yalipoota, mtoto akamtazama Kibibi, akasema, "Mama." Siku hiyo Kibibi hakula, kwa furaha.

Ndiyo maana hadi leo watoto wakianza kusoma huimba ba, be, bi, bo, bu: mwimbaji na mkohozi, wamekuwa silabi moja. Funzo ni hilo, usimdharau asiye na sauti kama yako.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nimeifungulia, imeingia. Na wewe unayeguna tangu nianze, tafuta wa kukushika mkono.